Mchezo wa begi

Majina ya watu wa mchezo huu wa jukwaani siweki. Wameniomba, na hapa Iringa ukitaja jina la mtu mmoja umeshataja ukoo mzima. Nitawataja kwa kazi zao, kama tunavyoitana wenyewe. Mimi ni Fundi.

Dada wa Mitumba alikuja kibandani kwangu Miyomboni mwezi wa nne, anatafuta kitochi, ile simu ndogo ya vitufe. Nikamuuliza anataka kipya au kilichotumika. Akasema anataka kinacholia vibaya. Miaka kumi na nne natengeneza simu, mteja wa hivyo nilikuwa sijampata. Nikamtolea kimoja kilichopasuka kioo, spika yake inakwaruza kama mtu mwenye kikohozi cha mwezi wa sita. Akakisikiliza mara mbili, kichwa kimeinama, kama anaonja mboga kujua chumvi. "Hiki hiki." Halafu akaniuliza kama naelewa mambo ya umeme.

Ndivyo nilivyoingia kwenye sanaa, kwa mlango wa uani.

Huyu dada alisomea sanaa za maonyesho Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mama yake alipougua alirudi nyumbani, na sasa anauza jinzi Mlandege. Mchezo aliuandika kwenye daftari la wadeni: ukilifungua mbele unakuta nani anadaiwa suruali mbili, ukiligeuza nyuma unakuta watu wanazungumza.

Hadithi yenyewe ni hii. Chumba kimoja kijijini, upande wa Kilolo. Baba, mama, mkeka, jiko la mkaa. Katikati kuna begi la shangazi kaja, lile la miraba, zipu imefungwa. Limeshushwa na kondakta wa basi la Dar. Binti aliyeondoka nalo miaka miwili na miezi miwili nyuma, kwenda kufanya kazi za ndani, hakushuka. Aliyempeleka mjini ni dada wa baba yake, kwa hiyo shangazi anapoingia na kusema "Hodi", kuna mzaha hapo ambao mwandishi hakuusema na kila mtu ukumbini aliusikia. Kuanzia hapo, kwa dakika sabini, wanalizunguka begi na hakuna anayelifungua. Ndani yake simu inaita. Inaita mara saba. Baba anasema, "Likifunguliwa ni msiba. Lisipofunguliwa ni mzigo tu."

Mtu wa nne ni mtani. Amesikia kuna msiba, amekuja kufanya kazi yake. Wanamwambia hapa hakuna msiba. Anajibu msiba upo, ila marehemu ndiye hajafika, na anakaa.

Nilipomaliza kusikiliza nikamwambia, "Dada, watu wa hapa wakitoa hela wanataka kucheka." Akasema, "Najua. Watacheka." Nikadhani ananijibu kwa hasira.

Baba alichezwa na bodaboda wa Kihesa. Mama ni mama lishe wa stendi ya zamani, na hakuwahi kupanda jukwaa maishani mwake. Shangazi ni msusi. Mtani ni kijana wa chuo, Mngoni wa Songea kweli, wala hakuhitaji kufundishwa kumsumbua Mhehe. Mazoezi tulifanya uani kwa msusi, Jumapili mchana, huku wateja wenye rasta nusu kichwa wakitusahihisha.

Sijui waongozaji wengine hufanyaje. Dada wa Mitumba, mwongozaji wetu, alimpa mama lishe kisu na nusu debe la viazi, akamwambia, "Wewe menya. Maneno yatakuja yenyewe." Basi mchezo mzima mama anamenya viazi. Ndugu wanagombana juu ya kichwa chake, simu inaita, yeye anamenya, anatumbukiza kwenye sufuria ya maji, *chubwi*, anachukua kingine. Hiyo *chubwi* ndiyo ilikuwa saa yetu. Ikichelewa, wote tulijua ndani yake kuna kitu kimemkwama. Kila onyesho likiisha tulikaanga vile viazi tukala na chumvi, na vilivyobaki aliviuza kesho yake. Ni mchezo pekee ninaoujua ambao vifaa vyake vya jukwaani vililiwa.

Baba yeye ana kaunta buku. Anahesabu: miezi 26 mara elfu 40 ni milioni moja na elfu 40, toa zilizofika, zimebaki ngapi? Elfu 40 haikuokotwa barabarani. Ndicho kima cha chini kilichowekwa na amri ya mishahara ya 2013 kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri wake, na Dada wa Mitumba aliweka mchezo kwenye miaka hiyo makusudi. Baba hajui kama kuna amri. Ameambiwa na shangazi kuwa ndiyo bei. Anahesabu kwa kidole, anafuta, anaanza tena. Kwa lugha ya kazini kwangu, yule mzee hamtafuti mtoto, anatafuta salio.

Sasa taa, maana hapa ndipo nina haki ya kujisifu. Taa zikifanana mwanzo mpaka mwisho, ukumbi unabaki kikao cha kamati ya harusi. Lazima zififie. Taa za kisasa za ujenzi zinamulika sana, lakini ukizipunguzia umeme zinapepesa na kuzimika ghafla. Nikarudi kwenye balbu za zamani zenye waya ndani, wati 60, kila moja na regulata yake ya feni. Regulata ya feni haijui kama inazungusha panga au inafifiza balbu, ili mradi mzigo usizidi. Tatizo ni kwamba Iringa nani ana feni? Mji huu mwezi wa sita watu wanalala na soksi. Nilizunguka maduka matatu ya vifaa vya umeme, muuzaji mmoja akanicheka: "Fundi, unahamia Dar?" Nikapata nne. Balbu nikazivalisha makopo ya maziwa ya unga niliyopaka rangi nyeusi, nikazifunga kwenye ngazi mbili.

Kibali kilituchelewesha wiki mbili. Sheria ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu 1976, na andiko linasomwa kabla ya onyesho. Aliyelisoma alilisoma kweli, nampa heshima yake. Tatizo lake lilikuwa moja: "Sasa huyu binti amekufa au hajafa?" Dada wa Mitumba akasema hajui. "Wewe ndiye umeandika, usijue?" Akasema, "Mzee wangu, hata baba yake hajui." Yule mzee akakaa kimya, akavua miwani, akaivaa, akagonga mhuri.

Ukumbi ulikuwa Kihesa, ule wa sherehe. Wenye ukumbi walikataa tusitoe mapambo kwa sababu Jumapili kulikuwa na sendofu. Kwa hiyo nyuma ya mkeka wa maskini wa Kilolo kulikuwa na vitambaa vya satini vya waridi na kopa kubwa la maua ya plastiki. Tulitaka kulifunika kwa turubai. Mwongozaji akaliangalia muda, akasema liacheni. Mpaka leo sijui kama alikuwa sahihi. Kuna wakati shangazi anasema binti alikuwa "anakaribia kuolewa huko huko", na taa ikimpiga yule, lile kopa linawaka nyuma yake kama ushahidi wa uongo. Wakati mwingine wote lilikuwa kopa tu.

Ijumaa walikuja watu 41, kila mmoja elfu 3. Baridi kali, watu na makoti yao na vitenge begani. Msimu wa ulanzi ulikuwa umekwisha, kwa hiyo walevi hawakuzidi wawili.

Kazi yangu ya pili, mbali na regulata, ilikuwa kuipigia ile simu ya kwenye begi. Namba niliihifadhi kwa jina "Begi". Mara ya kwanza ilipoita, mzee mmoja safu ya tatu akaingiza mkono kotini, akatoa simu yake, akasema kwa sauti ya mtu wa shamba, "Haloo?" Mlio ni ule ule. Ukumbi ukapasuka. Na haukuishia hapo. Kila simu ilipoita watu walimgeukia yule mzee. Mama aliposema, bila kuinua macho, "Si mpokee basi," watu walishika mbavu. Mtani alipoanza kumwigiza binti, namna alivyokuwa anabeba ndoo na kusimama njiani kukuna mguu mmoja kwa mwingine, mtu alipiga makofi.

Ulipoisha nilimkuta mwongozaji amekaa kwenye ngazi za nje, kichwa juu ya magoti. Nikamwambia, "Ulisema watacheka." Akasema, "Nyamaza, Fundi."

Jumamosi ndiyo siku tuliyoharibu wenyewe. Bodaboda wetu alikuwa ameonja kucheka kwa watu, na kile kitu kina utamu wake. Akaja na lafudhi. Ile lafudhi ya Mhehe wa kwenye vichekesho, mnaijua, anayeshangaa kila kitu na kuvuta maneno kama anavuta ng'ombe. Mhehe mwenyewe, mzaliwa wa Tosamaganga, anawaigiza Wahehe mbele ya Wahehe! Akaongeza na kuanguka kwenye mkeka. Watu 27, wengi wao wanafunzi na mwalimu wao wa Kiswahili, wakacheka mpaka machozi, na mimi gizani nikajikuta nacheka pia, hilo nalikiri.

Mwisho mwalimu akasimama akauliza dhamira kuu ni ipi, ili vijana waandike. Simlaumu. Wengi wetu tamthiliya tumezijua kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Binti mmoja mwanafunzi akauliza swali ambalo lilinikaa zaidi: "Kwenye tamthiliya ya *Orodha* marehemu aliacha barua ikasomwa mazishini. Huyu mbona hajaacha kitu?" Mwongozaji akamwambia, "Ameacha begi." Yule binti akasema, "Lakini halijafunguliwa." "Ndiyo." Yule mtoto hakuridhika, na nilipenda kwamba hakuridhika.

Ugomvi ulitokea kwenye kikaango. Mwongozaji alimwambia bodaboda kuwa amefanya uhuni. Bodaboda akamwambia watu wamefurahi, wewe unataka wafe? Msusi akaingilia, kijana wa chuo akataka kuondoka. Mama lishe alikuwa anageuza viazi, hakuacha kugeuza. Akasema, "Jana walicheka wananiangalia mimi. Leo wamecheka wanakuangalia wewe. Cha jana mimi sikukikataa."

Nilirudi nyumbani Mtwivila kwa miguu, na njiani nikamkumbuka babu.

Babu alizikwa 2003. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali enzi za miaka ya 1870 na 1880, na baada ya kuuana vya kutosha wakawa watani, ndiyo maana Mngoni anaweza kuja kwenye msiba wa Mhehe akafanya mambo ambayo mtoto wa marehemu angefanya angepigwa. Alikuja mmoja, sijui hata alitokea wapi. Akaingia ndani, akavaa koti la babu, akavaa na kofia yake, akachukua fimbo, akatoka uani anatembea kama babu. Siyo kama mzee yeyote. Kama babu: ule mguu wa kushoto, ule mkohozi wa mara tatu na wa nne unaoghairi. Akafika kwa bibi, akamwuliza, "Maji yangu ya kuoga yako wapi?" Uwanja mzima ulicheka. Watu wameshika vichwa, wanalia kwa kicheko. Na bibi, ambaye alikuwa hajatoa sauti tangu jana yake, akafungua mdomo akalia kilio ambacho nakisikia nikiandika hapa. Kisha akafungua fundo la kanga akampa yule mtu hela, ili avue koti.

Kwa hiyo watu wanaosema mchezo wa giza namna hii ni mambo ya kuiga kutoka nje, sijui wamekulia misiba ya wapi.

Jumapili asubuhi nilimweleza mwongozaji habari hiyo. Nilidhani namfundisha. Kumbe mtani ndiye mtu wa kwanza aliyemwandika, kabla ya begi. Alichofanya ni kumwambia bodaboda aache lafudhi na arudishe hesabu zake, na mimi akaniambia nisiizime simu haraka. "Iache iite mpaka ikate yenyewe." Zile siku mbili nilikuwa naipiga milio minne nakata, kwa kuona aibu.

Hapa kuna jambo langu. Binti wa mama mdogo naye alipelekwa Dar, zamani kidogo, enzi za kubipu. Alikuwa ananibipu usiku. Mimi nilijua anataka vocha, na kibanda ndiyo kwanza nimekifungua, hela ya vocha sina. Sikumpigia. Alirudi, yuko hai, yuko Ilula na nyanya zake na watoto wake wawili, tunasalimiana vizuri tu. Ile miaka haizungumzii na sijawahi kuuliza. Basi kuiacha simu iite mpaka ikate, nimekaa gizani na kidole changu, ilikuwa ndefu.

Sendofu ilikuwa jioni, tukapewa saa nane mchana. Mchana! Taa zangu zote za kazi gani? Tukaziba madirisha kwa mablanketi ya watu na marobota ya jinzi kutoka Mlandege. Walilipa watu 68, mji ulikuwa umeshaambizana. Wazee waliingia bure, na mmoja wao alikuwa bibi wa makamo ya bibi yangu, kanga mbili na sweta la kiume, akakaa mbele kabisa kwenye kiti cha pembeni.

Walicheka. Mtani alipokataa kuondoka walicheka, bodaboda alipokosea hesabu zake kwa kweli, maana alikosea, walicheka. Lakini simu ilipoita mara ya tano, nikaiacha, ikaita, ikaita, kile kicheko kikaanza kukonda. Ikakata. *Chubwi.* Mtani akainuka kumwigiza binti na ndoo yake.

Ndipo yule bibi akasimama. Akatembea mpaka mkekani, taratibu, akavua ndala pembeni kama mtu anayeingia nyumba ya watu, akapiga magoti mbele ya begi, akashika zipu.

Hakuna aliyefanyia mazoezi jambo hilo. Bodaboda alibaki na kalamu hewani. Mimi nilishika regulata mbili, sijui nizime au niwashe, na nadhani kwa mara ya kwanza nilielewa kazi ya taa: nikaziacha zilivyo. Ndani ya begi, kumbuka, mlikuwa na magazeti, matofali mawili na kitochi changu.

Kijana wa chuo ndiye aliyetuokoa. Akachuchumaa upande wa pili wa begi, bado na mguu mmoja wa binti, akasema kwa upole na kwa Kihehe cha bandia, "Bibi, kamwene. Hilo lina ada yake. Lipa utani kwanza." Bibi akamtazama. Akaacha zipu, akafungua fundo la kanga, akatoa sarafu ya mia tano, akamwekea kiganjani. Halafu hakurudi kwenye kiti. Akajisogeza kwa mama lishe, akakaa kwenye mkeka, akachukua kiazi. Kisu kilikuwa kimoja, kwa hiyo alikishika tu.

Mchezo uliisha hivyo, watu watano badala ya wanne. Simu ya sita. Simu ya saba niliipiga taa zikiwa zimeshazima, kama ilivyoandikwa. Ukumbi wenye watu zaidi ya 70 na sauti pekee ni kile kikwaruzo. Ilipokata, hakuna aliyepiga makofi mpaka mtu alipovuta blanketi dirishani kwa nje. Alikuwa kijana wa kamati ya sendofu, anauliza kama tumemaliza.

Mlangoni bibi aliniona na nyaya begani, akauliza ile simu ni ya nani. Nikasema yangu, bibi. Akasema, "Sasa si ungepokea." Nikacheka. Yeye hakucheka, akaenda zake kuelekea barabarani.

Hesabu, kwa wanaouliza: zimeingia 408,000. Ukumbi 150,000, viti 60,000, bango 25,000, vifaa vyangu 18,000, mambo ya kibali na nauli zake 35,000. Kilichobaki tumegawana sita, elfu 20 kila mmoja, na mia tano ya bibi kijana wa chuo hataki kuigawa. Viazi alitoa mama lishe, amekataa kulipwa. Jina la mchezo lilikuwa bado. Mchoraji wa bango alichoka kusubiri akaandika MCHEZO WA BEGI, likabaki hilo.

Kuna watu Mafinga wanataka tupeleke mwezi wa nane. Mwongozaji anaandika upya sehemu ya shangazi, anasema amemfanya mbaya kirahisi mno, na nakubaliana naye. Bodaboda ameuliza kama kule Mafinga watu wanacheka.

Begi liko kibandani kwangu, chini ya meza, kwa sababu Dada wa Mitumba hana nafasi. Jana mteja alikitaka kitochi kwa elfu 15, kilivyo hivyo na kioo chake. Nikamwambia kina kazi. Mwenye regulata za feni za zamani, zile nzito za kuzungusha, anitafute.